Barua ya Kasama

Romana shika simu. Nimetoka Ilembo kwa kaka Anselmo sasa hivi.

Unakumbuka mwaka 76, nimemaliza ualimu, nikaomba kwenda Zambia kufundisha Kiingereza? Kila Jumapili nakaa benchi la mbele, na kaka ndiye katekista, anasoma majina ya wenye barua baada ya misa. Ananiangalia usoni: "Josefina, hamna."

Ilikuja!! Shule ya Kasama walinikubali. Aliifungua akaisoma!

Leo anawasimulia wajukuu kama kichekesho. "Karatasi ile ya barua za ndege, nyembamba, nikaikatakata nikasokotea tumbaku. Ilivutika vizuri!" Watoto hoi kwa kucheka. Mke wake anacheka.

Namuuliza kwa nini. "Sasa ungeenda, mama angepikiwa na nani?"

Tumbaku, Romana. Barua yangu ya kazi kasokotea tumbaku.

Halafu eti ananipa karatasi ya hospitali nimsomee, maana ni ya Kiingereza, wajukuu hawakielewi, na macho yake yamekwisha. Niliiweka akiba kwa ajili yako, anasema, wewe ndiye mwalimu.

Nikaisoma yote, mara mbili. Daktari kaandika awe amefika Mbeya kabla ya Ijumaa, asicheleweshwe hata siku moja.

Nikamwangalia usoni.

"Kaka, hamna."

Akafurahi! Akanishika mkono: "Asante, mwalimu."

Karatasi ninayo hapa kwenye pochi. Leo Jumatano.