Ndege ya Ndungu Inayofika Jana

Habiba, usinipigie. Sina nguvu ya kuongea, soma tu.

Leo Baba alikuwa atugawie shamba la Burnt Forest, lile alinunua mwaka wa sitini na tisa mzungu akiondoka. Unamjua Baba. Hawezi kukata hata kipande kabla kila mtoto aseme "nimekubali" kwa mdomo wake. Kwa hivyo tukampigia kaka yangu Ndungu huko Samoa na simu ya Baba, tukaweka spika.

Badala ya kukubali tu, Ndungu akaanza stori! Ati kwake tayari ni Jumapili. Ati kukicha anapanda ndege kwenda Pago Pago, ni karibu tu, kama Eldoret na Nakuru. Nusu saa angani, na akishuka atapata ni Jumamosi, ati mstari wa kubadilisha tarehe unapita hapo katikati ya bahari.

Baba akauliza, "Unaondoka Jumapili unafika Jumamosi?"

"Ndio Baba. Huku ni kawaida. Nafika jana."

Jana, Habiba. Alisema jana! Wajomba wakacheka. Hata mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Baba hakucheka. Alivuta simu karibu na mdomo, akasema polepole kabisa:

"Kumbe iko ndege ya kurudisha mtu nyuma. Sasa mbona hukuipanda ukuje kumzika mama yako?"

Tukasikia Ndungu akilia, mtu mzima na ndevu zake.

Baba akachukua fimbo akaenda kulala, na jua bado liko juu. Shamba halijagawanywa.

Wageni wameenda. Mimi naosha vikombe tu. Simu ya Baba bado iko mezani, na Ndungu hajakata.