Wamama wa Saa Nne

Jumatatu, 21 Juni

Saa nne. Chai, miwani, kitambaa kichwani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Ndiyo desturi tangu nchi ifungwe tena kwa korona. Wamama wa kanisa tuko watano, wote humu Kampala, kila mmoja kwake: mimi hapa Makindye, Mama Riziki Kawempe, Mama Feza kule Ggaba kwenye harufu ya samaki, na wawili wengine. Tunaomba. Tunaimba ovyo, maana sauti zinafika kwa zamu. Tunachekana. Mama Feza hashiki simu vizuri, tunaona pua tu. Bila hiyo saa moja ningekuwa naongea na ukuta.

Leo nimeingia, wakanyamaza. Wote. Halafu Mama Riziki akaanza kuomba haraka haraka, kama mtu aliyekutwa anafunua sufuria ya jirani. Sijapenda.

Jumanne, 22 Juni

Wamenyamaza tena. Mama Riziki kaniuliza kama nimekula. Sombe ya jana, majani ya muhogo, nikamwambia. Umeshiba lakini? Tangu lini anajali tumbo langu, huyu? Mama Feza naye hakunitania hata kidogo. Mimi na yeye tusipotaniana, ujue kuna jambo.

Nimempigia mdogo wangu Mapendo kule kwetu Bukavu nimpe umbeya wote. Hapatikani. Mtandao wa kule ni wa kubembeleza.

Jumatano, 23 Juni

Nimejua. Wana kundi lingine bila mimi. Asubuhi umeingia ujumbe wa Mama Feza: “Nani atamwambia? Mimi siwezi.” Kabla sijaweka miwani sawa, kaufuta. Umekosa njia, mama. Ulikuwa wa kule kwenu.

Kuniambia nini? Kwamba wananitoa. Jumapili nilisema Mama Riziki anaimba kama mbuzi anayeburutwa. Ni kweli, anaimba hivyo. Kwa hilo tu mtu anatolewa? Nimelia kidogo, kwa hasira. Sina wengine. Mwanangu amekwama Gulu tangu magari yazuiwe. Nimebaki na mke wake, Solange, naye si wa maneno mengi.

Nimemweleza. Wapi, Mama, unawaza sana, kasema, akakimbilia jikoni. Macho mekundu. Eti vitunguu. Leo hatukupika vitunguu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 24 Juni

Sikuingia. Watafute mwingine wa kumnyamazia. Simu imelia, ikalia, nimeifunika na mto. Siku ndefu jamani! Nimefagia palipofagiwa. Nawachukia wote, na nimewakosa wote.

Mapendo bado hapatikani. Yeye angecheka. Angesema, yaya, dada yangu, wewe ugomvi unaufuata kwa miguu.

Ijumaa, 25 Juni

Solange kanipikia samaki mzima. Asubuhi! Kasimama mlangoni mpaka nimemaliza. Kisha kaleta simu mwenyewe. Ingia, Mama. Nikaingia na maneno yangu tayari, makali, ya kumsuta Mama Riziki mbele ya wenzake.

Wote wanne wamekaa chini. Kila mmoja kwake, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kitenge kimefungwa kiunoni. Hata Mama Feza, leo simu ameiweka mbali, namwona mzima.

Sisi hatukai hivyo bure. Kwetu habari ya namna hii haipiti kwenye simu, wala hairuhusiwi kutoka kinywani mwa mkwe. Wanakuja wa rika lako. Unakula kwanza. Wanakaa chini, ndipo unajua. Wiki nzima walikuwa wanatafuta njia ya kunifikia, na barabara zimefungwa.

“Mama Neema,” Mama Riziki kasema, “shuka ukae na sisi.”

Nikauliza, ni Mapendo?

Mama Feza kafunika uso. Solange alikuwa ameshatandika mkeka nyuma yangu.

Jumamosi, 26 Juni

Mapendo walimzika Jumatatu. Kifua, homa, siku chache tu. Wanawe waliwapigia wamama, si mimi. Walifanya sawa. Nina hasira na wamama hata hivyo. Walimlia mdogo wangu kabla yangu, na hilo halitanitoka upesi.

Lakini hakuna aliyekata simu. Tangu jana ziko wazi, zimechomekwa kwenye umeme, zimewekwa mkekani. Msiba haumwachi mtu peke yake, na hawa wamekataa kuniacha. Hatuongei sana. Namsikia Mama Feza akisugua sufuria. Mmoja anaanza wimbo, wengine wanachelewa, anawangoja.

Solange kaniletea uji. Nimeunywa.

Jua limefika kwenye mkeka. Mama Riziki kasinzia hapo hapo alipokaa, mdomo wazi. Nimewaambia wengine waimbe polepole, wasimwamshe.