Nyumba Ambayo Haikuwa Kwenye Ziara Yako

Shangazi Mwanaidi,

Amani iwe juu yako huko uliko. Ni mimi, Saida. Miezi minne tangu tukuzike, na Jumamosi nimewatembeza watalii wako mjini Kampala peke yangu kwa mara ya kwanza.

Nilianza ulipokuwa ukianzia, juu ya mnara wa msikiti wa Old Kampala. Nikawaonyesha vilima: Kasubi wanakolala wafalme, Namirembe na Rubaga zenye makanisa. Nilipoulizwa nisichokijua nikasema sijui, kama ulivyonifunza: mgeni husamehe ujinga, hasamehe uongo.

Tukashuka kula roleksi. Chapati zinaviringishiwa mayai, kila mtu anameza mate, isipokuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, anayetembelea mkongojo. Yeye anatazama maghorofa ya zamani ng'ambo ya barabara. Akaniambia kwa Kiswahili kizuri kuliko changu:

"Mwanangu, nimezaliwa mitaa hii. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1972, Wahindi tulipofukuzwa nchini. Nyumba yetu ilikuwa na roshani ya mbao. Utanisaidia kuitafuta?"

Shangazi, unajijua. Ziara yako haikuacha njia yake hata mvua inyeshe. "Ukimfuata mgeni mmoja utawapoteza tisa," ulikuwa ukisema. Na zamu ya Mnara wa Uhuru ilikuwa imefika. Nikawageukia wenzake, nikawauliza. Wakasema twende.

Nyumba ya kwanza siyo. Ya pili siyo. Mtaa wa tatu akanishika mkono mpaka ukaniuma. Roshani ipo! Imepakwa rangi ya kijani tu. Chini yake mwanamke anachoma gonja, zile ndizi tamu, juu ya makaa. Niliogopa kumweleza. Watu wakisikia "nyumba yetu" hudhani umekuja kuidai. Hata hivyo nikamweleza. Akatukazia macho, kisha akajifuta mikono.

"Kalibu, mama. Panda uone. Sisi hapa tunapanga tu, lakini chai iko."

Mama akapanda polepole. Akasimama katikati ya chumba, machozi yanamtoka, mara akaangua kicheko.

"Kumbe ni kadogo hivi! Miaka yote nilidhani ni jumba!"

Basi tukacheka sote, tukakaa mkekani tukala gonja mpaka ikaisha. Mnara wa Uhuru hatukuufikia, na hakuna aliyelalamika. Nilingoja nione aibu kwa kukiuka agizo lako. Haikuja. Nilitamani tu ungekuwepo... ungewapenda wale wawili.

Jana nimepita pale. Mama amerudi mwenyewe. Amekaa kwenye kigoda kando ya makaa, anageuza gonja, anaunguza nusu, na mwenyeji wake anamkaripia kama dada.

Nakuahidi, Shangazi: historia nitaisimulia kama ulivyonipa, bila chumvi. Ila kila ziara, kabla hatujapiga hatua, nitauliza kwanza kama kuna aliyewahi kuishi hapa.

Lala salama. Mungu akupanulie kaburi.

Mpwa wako,
Saida