Mpunga wa Sadaka ya Baba

Kivukoni, Garsen

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mbali. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Na lile paa, mjomba keshaliezeka? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa kamba ya kivuko. Mto ulipojaa tulivuta mpaka tukakoma.

Sasa usikasirike, soma kwanza. Gunia la mpunga uliloniletea kwa lori lilifika salama. Uliniagiza utwangwe, upikwe pilau Ijumaa, waliopatwa na mafuriko washibe na marehemu Baba aombewe. Mama, sikupika.

Nilikwenda kweli kwa Mama Komora, Mpokomo anayetwangia watu hapa, ujira wake kibaba. Maji yalimchukulia shamba na akiba yote, na siku ile wanawe watatu walikuwa wameshindia mizizi ya mayungiyungi. Akatia mkono guniani, akasugua punje, akaniuliza umevunwa lini. Nikamwambia ni mavuno ya mwisho ya baba yangu. Akalifunga gunia, akasema huu hautwangi.

Nilihamaki. Nikamwambia sadaka ni yetu, yeye kazi yake mchi tu. Aibu yangu! Wala hakupandisha sauti.

“Bakari, maji yanashuka, na mbegu zetu zimekwenda na mto. Tusipopanda sasa, basi tena. Ukitupikia tutashiba Ijumaa. Jumamosi je?”

Nikamuuliza, na wanawe watakula nini? Akawatazama kwanza.

“Watakula mayungiyungi. Nikiwapa wali leo, mwaka mzima nitakuwa mlangoni kwako naomba. Sitaki.”

Mwanamume mzima mimi, nikamwachia gunia.

Nilidhani atagawa palepale. Wapi! Alilowesha punje kiasi katika kitambaa, akaziweka siku tatu, kwani ukimpa mtu mbegu isiyoota, alisema, umemwibia jasho lake na msimu wake. Siku hizo tatu sikuwa na raha hata kidogo. Nilijiona nimewanyima watoto wale chakula bure. Alipokifungua kitambaa, punje karibu zote zilikuwa zimechipua. Akacheka, Mama, na mimi nilikuwa sijapata kumwona akicheka.

Kisha akanizungusha mashambani. Penye tope zuri na mtu wa kulima, tulipima mbegu. Mzee mmoja wa Kiorma ng'ombe wake walikufa maji, na jembe halijui. Huyo alitwangiwa sehemu yake akapikiwa. Lakini shoga yake Mama Komora mwenyewe, aliyebakiwa na mbegu darini, alinyimwa waziwazi, wakanuniana mwezi mzima. Mama Komora alichukua wa mwisho, kipimo kilekile cha wenzake. Nilipotaka kumwongezea alinitoa mbio.

Nakwambia kweli, namheshimu mwanamke huyu kuliko wakubwa wote niliowavusha mto huu. Mimi nilitaka watu wanione natoa. Yeye alitaka wapate kula.

Sasa mpunga umetoa masuke, watoto wanashinda wakifukuza ndege. Juzi Mama Komora alikuja kivukoni na wenzake. Wamekubaliana kwamba wakivuna, kila nyumba itarudisha kipimo ilichopewa, gunia lijae tena. Nikawaambia sadaka hairudishwi.

“Hatukurudishii wewe,” akasema. “Watu wa Ozi, huko karibu na bahari, mpunga wao umeuawa na maji ya chumvi. Wao wamtaje nani wakiomba dua?”

Nikamtajia jina la Baba. Akalirudia mara mbili asilisahau, na yeye ni Mkristo. Mama, nililia mbele ya abiria, sikujali.

Lakini mpunga ni wako, na nilikuvunjia amri mara moja. Safari hii sithubutu bila wewe. Niwie radhi, kisha niambie: gunia liende Ozi?

Msalimie sana mjomba, na shangazi anayekupikia uji, na dada yangu Mwanasiti na mumewe. Mtoto wao mchanga mbusuni kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao, ninayengoja neno lako,
Bakari