Kwa Rukia, Aliyetusomea kwa Mikono

Wifi yangu Rukia,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ambako naambiwa hakuna kiziwi. Kama ni kweli, usianze kuringa. Sisi huku bado tunaongea kwa mikono, na kwa umbeya bado tunakushinda.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa hati yangu. Herufi zimesahihishwa na binti wa Khadija, yule mwenzetu mshona kofia. Watu wakitaka kuisoma waisome, mimi siri sina tena. Hiyo ndiyo habari yenyewe niliyokuletea.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu. Ndugu yako alinioa kwa kuwa mimi ni kiziwi niliyetembea: Mombasa, Unguja, na Maskati miaka miwili nikipikia watu wenye magari manne uani. Akaniacha kwa sababu hizo hizo. Siku ile nafunga sanduku ulisimama mlangoni ukaniambia, "Amekuacha yeye. Mimi sijakuacha." Alhamisi iliyofuata ukanipandisha chumbani kwako pale mtaa wa Langoni, na chama chetu cha kusoma vitabu kikaanza. Wanawake sita, viziwi watupu, nikabu zimetundikwa kwenye misumari ukutani, maana kwetu sisi ukificha uso umemeza nusu ya maneno.

Jirani wa chini alipanda kuja kulalamika kelele. Eti tunapiga sakafu kwa miguu tukiitana, na vicheko vyetu vinamwamshia mtoto. Ulichukua karatasi ukamwandikia: "Utuwie radhi, hatukusikia." Nilicheka mpaka nikalala chini, na mtoto wake akaamka tena.

Kitabu kinataka mikono, na kusoma kwetu kunataka mikono hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe ulisoma, mimi nikakushikia kitabu mbele ya macho yako. Wenzetu wengi walikuwa wanajua kusoma majina na risiti tu. Mimi nilijitangaza kuwa nimefika darasa la nane. Niliishia la nne, na hilo lenyewe mwalimu alinivusha kwa huruma. Wote waliamini kuwa nasoma pamoja nawe. Wewe ulijua siku ya kwanza, kwa kuwa sikujua lini nifunue ukurasa. Basi ukawa unanigusa goti kwa kidole cha mguu, chini ya leso, kila ukifika mwisho. Miaka yote hiyo, na hukunisema kwa mtu.

Halafu ukapelekwa hospitali Mombasa, nasi tuko katikati ya kile kitabu cha yule mjane aitwaye Tatu, anayegombea nyumba aliyoachiwa na mumewe. Wenzetu wakanigeukia mimi, msomi. Ningesema nini, wifi? Nikakilaza kitabu juu ya mto, nikakikazia macho, nikatunga. Alhamisi ya kwanza Tatu aliiacha nyumba akapanda ndege ya Maskati. Ya pili akawa mpishi wa waziri. Ya tatu akaolewa na rubani, na Khadija, ambaye hakulia hata alipojichoma sindano ya kofia hadi mfupani, alilia kwenye harusi ile.

Uliporudi umelala kitandani, nilikuja kukusimulia kwa majivuno. Ulicheka ukakohoa, ukacheka tena. Kisha uso wako ukabadilika. Ukaniuliza, nyumbani kwetu, watu wanaosikia wakicheka kwenye sinia ya wali nami nikawauliza wanacheka nini, walikuwa wananijibu nini.

"Baadaye," nikasema. Unajua mkono ule, kama mtu anayefukuza nzi.

"Na hiyo baadaye ilikuja?"

Ukasema chama hiki ulikianzisha ili angalau Alhamisi moja kwa wiki watu wapate habari kamili, isiyokatwa wala kubadilishwa kwa kuwa wao ni viziwi. Ukaniambia niwaambie mwenyewe, kwa kuwa hutanisemea. Ukaanza kunifundisha kusoma, neno moja moja, mikono yako ikiwa mizito. Niliahidi nitawaambia Alhamisi ijayo. Zikapita Alhamisi nne. Ya tano tulikuzika.

Arubaini ilipokwisha walikuja wote, wakaketi duara, wakanitazama. Mimi niliyejibizana na askari wa uwanja wa ndege Maskati kwa vidole vitupu, siku hiyo niliikalia mikono kwanza. Niliogopa watanifukuza, nami Alhamisi nyingine sina pa kwenda. Nikawaambia. Sisomi vizuri. Maskati haimo kitabuni. Rubani hayumo.

Nduku, yule wa bara anayeuza mboga, alicheka akasema alishangaa sana harusi ile, maana yule rubani hakuongea habari za ndege hata siku moja, ila za pilau tu. Khadija hakucheka. Aliinuka, akatwaa buibui lake.

"Nilimsimulia binti yangu," akasema. "Anasikia, kila siku yeye ndiye anayenieleza mambo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kumweleza yeye hadithi nzima. Kumbe nawe umenipa ya uongo."

Rukia, nimewahi kupigwa, nimewahi kuachwa, lakini maneno yale sitaki kuyaona tena. Niliomba radhi. Sikutia mzaha hata mmoja, uliza yeyote. Alifika mlangoni, kisha akarudi akaketi, buibui bado kalivaa.

"Anza pale alipoachia Rukia," akasema. "Neno kwa neno. Ukikwama, sema umekwama."

Nilikwama sana. Neno moja alilijua Nduku, jingine Khadija, jingine tuliliacha likae hapo hapo kama mgeni mpaka tumzoee. Tulifika nusu ukurasa, mwanga ukaisha. Hakuna aliyeondoka kabla.

Ndio mwendo wetu sasa, nusu ukurasa kwa Alhamisi, na wewe nakukumbuka kila mstari. Mara nyingine nakasirika kwamba umekufa, halafu naona haya.

Wiki hii Tatu amefika mlangoni kwa kadhi na hajapiga hodi. Tumemwacha juani, maskini, mpaka Alhamisi. Leo asubuhi Khadija amepita kibandani kwangu kununua mahamri, akaniuliza kwa wasiwasi kama naona Tatu atafunguliwa. Akanitazama mikono, akingoja. Ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe, na jambo zuri sana ilikuwa nalo. Nikaishusha.

"Sijui," nikamwambia.

Sijawahi kumjibu mtu hivyo tangu nizaliwe. Khadija akatabasamu, akachukua mahamri yake, akaenda.

Mola akupanulie kaburi, kipenzi changu, nami anisamehe zile ndege.

Ni mimi wifi yako