Watu wa Udongo

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa zamu za hospitali. Na mgongo wako je, cherehani bado inaukunja?

Mama, nimeingia matatani. Juzi hapa wodi ya wazazi aliletwa binti mwenye mimba ya kwanza. Tunamwambia sukuma, anatutazama tu, amekakamaa kama ubao. Mara nikamsikia akimwita mama yake kwa lugha yetu. Yetu kabisa! Nikamshika mkono, nikamwambia maneno yale yale uliyokuwa ukiniambia nikipandisha ndoo ya maji kilimani. Haikupita kitambo mtoto akalia.

Badala ya kunishukuru, matroni aling'aka: "Hapa hatutaki lugha ya watu wa udongo!" Ameniamuru Ijumaa ya katikati ya mwezi huu, kwenye mkutano wa asubuhi, nisimame niombe radhi mbele ya wote, la sivyo nifungashe virago. Kosa langu silioni.

Kitindamimba wako

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini barua yako imeniuma zaidi.

Omba radhi! Unajua nilivyohangaika kukuficha? Tulipohamia hapa nilikukataza kusema ile lugha nje ya mlango. Majirani niliwaambia baba yangu alikuwa karani. Babu yako alifinyanga vyungu hadi anakufa, na watu walivinunua, ila kukaa naye benchi moja hawakukubali. Wateja wangu wakijua, watachukua vitambaa vyao. Nimekusomesha kwa cherehani hii. Meza kiburi, sema samahani, urudi kazini.

Mama yako

18 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, maana ukisoma hii hutalala.

Nimeomba radhi, kama ulivyotaka. Nilisimama nikaomba kwa lugha yetu, mwanzo hadi mwisho, nikamtaja na babu na vyungu vyake. Nilimwomba radhi yule binti, ingawa hakuwepo, kwa kuwa tulimfokea kabla ya kumsemesha. Nyuma kule dereva wa gari la wagonjwa akaniitikia kwa lugha hiyo hiyo, kisha muuguzi wa chumba cha watoto. Miaka yote tunakula meza moja, kumbe kila mmoja kajificha!

Wamenihamishia kwenye kufua mashuka. Wakiniuliza tena, nitasema tena. Lugha hii ulinipa wewe, Mama. Huwezi kunidai niirudishe.

Kitindamimba wako

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Umenisusa? Hata unitukane, ila andika.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, u mzima? Mimi mzima, na nina hasira, lakini si nawe.

Sijakususa. Nilikosa pa kuanzia. Jumatatu yule mteja wangu wa magauni ya harusi, yule domokaya, alikuwa akiwacheka watu wa udongo huku nikimpima kiuno. Siku zote nilicheka naye. Ee, mwanangu, nilicheka naye! Safari hii nikatoa pini mdomoni, nikamwambia, "Mmoja wao ndiye huyu anayekupima. Haya, geuka, bado mgongo." Akabeba kitambaa chake, na wawili wengine wakamfuata. Waende zao!

Kibao cha dukani nimekipaka rangi upya. Nimeandika mimi ni binti wa nani, na babu yako alikuwa fundi wa nini. Ukija, usinipigie hodi kwa lugha ya watu. Sitafungua.

Mama yako, binti wa mfinyanzi