Mchawi Hayupo Tena

Shoga, acha unachofanya usome!

Si unajua dada yangu ndiye sauti ya mchawi kwenye ile katuni ya watoto wapelelezi? Leo wanarekodi kipindi ambacho watoto wanacheza mchezo wa kuigiza mazimwi na wachawi, mara taji linaibwa.

Kila mtu kapewa kurasa zake tu, na za dada zimeishia katikati! Kuchungulia za mwenzake: "Mchawi hayupo tena." HAYUPO TENA, shoga!

Akamvaa mwongozaji: "Kaka, mnanifukuza kimyakimya?"

"Mwizi wa taji ni wewe, umetoroka nalo. Tulikuficha kurasa kwa sababu ungejua mapema, sauti ingekuumbua."

Dada haamini ng'o. "Sitaki maneno, lete ukurasa uliofichwa!"

Kaletewa. Mistari ishirini ya kwake peke yake, na bado anageuza karatasi kuona nyuma kuna nini!